Watoto wa Mwisho wa Lami

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asigeuke kumtazama jirani yake na kutabasamu. Ilikuwa nchi ya kubuni, yenye watu wa kubuni, na viongozi wake hawakufanana hata kidogo na kiongozi yeyote ambaye wewe au mimi tumepata kumwona gazetini. Iliitwa Jamhuri ya Mbelembele.

Katika Mbelembele hapakuwa na kosa baya kama kurudi nyuma. Wimbo wa taifa ulisema mbele, stempu zilisema mbele, na hata milango ya vyoo vya serikali iliandikwa "Mbele Daima". Bunge lilipitisha Sheria ya Kutorudi Nyuma, ambayo kifungu chake cha kwanza kilikataza gari la serikali kwenda kinyumenyume. Mafundi wa karakana ya taifa wakang'oa gia za kurudi nyuma katika magari yote ya waheshimiwa, wakazizika kwa heshima zote, bendi ikipiga. Tangu hapo dereva wa mheshimiwa akipitiliza nyumba aendayo, humlazimu kuendelea mpaka apate mahali pa kugeuzia. Kuna katibu mkuu mmoja aliyekwenda kumposea mwanawe mtaa wa pili, akapitiliza kidogo, akafika wakati watu wanakula pilau ya harusi.

Barabara kuu ya nchi ilianza kwenye lango la Ikulu, ikapita mikoa yote kwa mbwembwe, ikafika mahali fulani magharibi ikakatika ghafla, kama maneno ya mtu aliyesinzia. Lami iliishia hapo. Mbele kulikuwa na mbuga, na waheshimiwa hawakuruhusiwa kuchafua matairi. Nyuma hawakuweza kurudi. Basi msafara wowote uliofika pale ulikuwa na njia moja tu ya kutoka: kuzunguka katika uwanja wa Shule ya Mwisho wa Lami.

Na mheshimiwa hawezi kuingia uwanja wa shule, akazunguka, akaondoka hivihivi kama mwizi wa kuku. Lazima apokewe. Akipokewa, lazima aseme machache. Akisema machache, lazima aache kitu. Kitu walichokiacha waheshimiwa wa Mbelembele kilikuwa jiwe la msingi, kwa kuwa kila gari la serikali lilibeba jiwe moja kwenye buti, pale ambapo magari ya watu wengine hubeba tairi la akiba. Mawe hayo yalitengenezwa na Idara ya Mawe, idara pekee ya serikali iliyofanya kazi hata siku za sikukuu. Waziri akiachishwa kazi, lori la Idara lilipita likayang'oa mawe yake huko vijijini, na muda si mrefu waziri mpya akaondoka mji mkuu na mawe mapya. Watu walistaajabu jinsi nchi yao ilivyojaliwa machimbo.

*

Mwalimu Sefu Kilindo alifundisha darasa la nne katika shule hiyo. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata nyanya. Alikuwa na vipaji viwili. Cha kwanza, kufundisha, hakuna aliyepata kukiona, maana hakikupewa nafasi. Cha pili, kutunga nyimbo za mapokezi, kilijulikana mpaka Ikulu.

"Haya," alisema kila asubuhi, akigonga ubao kwa fimbo. "Jana tuliishia wapi?"

"Ba! Be! Bi!" darasa lilijibu.

"Na baada ya bi?"

Hapo ndipo king'ora kilipolia barabarani. Mwalimu Mkuu, Bi Tausi Makanda, alipita dirishani akikimbia na filimbi mdomoni. Watoto wakatoka mbio kujipanga, wakubwa nyuma na wadogo mbele, mikono ikipepea. Waziri wa Samaki wa Maji Baridi alipokewa, akasema machache mpaka jua likageuka, akaweka jiwe, akazunguka, akaenda zake. Kesho yake alikuja Naibu Waziri wa Samaki wa Maji Moto.

Hivyo watoto wale waliingia darasa la kwanza wakajifunza ba, be, bi; wakaingia la pili wakarudia ba, be, bi; na sasa walikuwa la nne. Bo na bu walizisikia kwa tetesi tu, kutoka kwa watoto wa shule za ndani ndani, ambako hakuna lami na ambako, kwa sababu hiyo, watu husoma.

Mwalimu Kilindo hakulalamika sana. Tuseme ukweli: king'ora kilipolia, moyo wake nao ulilia "twende". Alipenda kuona mheshimiwa akitikisa kichwa kwa mpigo wa wimbo wake. Na aliyeongoza wimbo alikuwa binti yake mwenyewe, Zamda, mtoto wa darasa la nne, mwenye sauti iliyowafanya walinzi wasahau kuwakunjia watu nyuso. Shuleni alimkataza kumwita baba. "Hapa mimi ni Mwalimu," alimwambia. "Baba yako yuko nyumbani anakungoja."

Nyumbani alingoja pia Bi Hadiya, mama yake Zamda, aliyewauzia vitumbua madereva wa misafara.

"Mwalimu," alisema jioni moja, akamwekea mumewe sahani mbele. "Kula."

Mwalimu akauma. Akatoa mdomoni. Akakitazama.

"Hiki nini, Mama Zamda?"

"Kitumbua. Nimemtuma mwanao dukani hamira, kaniletea magadi. Pakiti zote mbili zina maandishi, ila yeye maandishi kwake ni maua tu. Nimepika beseni zima. Kesho wape waheshimiwa wako, wakaweke misingi."

"Mtoto bado mdogo."

"Mdogo! Yuko la nne! Anaimba kama chiriku, lakini jina lake mwenyewe ukimwandikia anauliza huyu ni nani. Na wewe baba yake ni mwalimu. Nikiwaambia watu wa kwetu watadhani nilidanganywa siku ya posa."

Zamda, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliinamisha kichwa mpaka nywele zikagusa ungo. Mwalimu Kilindo alikimalizia kile kitumbua. Ilichukua muda.

*

Wiki ile redio ikatangaza. Mheshimiwa Rais, kwa huruma yake, alikuwa amegundua kwamba baadhi ya watoto wa Mbelembele hubaki nyuma katika masomo, jambo lililo kinyume cha katiba. Ameunda Tume ya Kuchunguza kwa Nini Baadhi ya Watoto Hubaki Nyuma. Tume itapita shule kwa shule. Mtoto atakayekutwa hawezi kusoma atahesabiwa kuwa Mbaki, na papo hapo atapandishwa basi la bluu, apelekwe Kambi ya Kusukumwa Mbele, akae huko mpaka awafikie wenzake.

Kambi hiyo ilijengwa mpakani kabisa, nyuma ya milima, nyuma ya ziwa, nyuma ya gereza la zamani. Wataalamu walieleza kwamba ili kumsukuma mtu mbele lazima kwanza usimame nyuma yake sana. Hakuna mtoto ambaye angerudi kutoka huko. Serikali ilisema hilo ni jambo la kujivunia, kwa kuwa kurudi ni kosa.

Bi Hadiya alizima redio. Akachukua sufuria safi akaanza kuisugua. Mwalimu Kilindo angependelea amgombeze.

Asubuhi yake Bi Tausi akaitisha kikao cha walimu.

"Ndugu zangu, tumepata heshima," alisema. "Tume inaanzia kwetu. Kuanzia leo masomo yote yasimame. Ni kuimba tu mpaka Tume ije iondoke."

"Mwalimu Mkuu," Mwalimu Kilindo akanyanyua mkono, "Tume inakuja kuwapima watoto kusoma."

"Ndiyo."

"Na sisi tunasimamisha kusoma?"

"Mwalimu Sefu, usiwe mgumu. Unataka Tume ifike isikute wimbo? Itatuonaje?" Kisha akashusha sauti. "Nimedokezwa kwamba wizara inatafuta Kamishna wa Nyimbo za Mapokezi. Ofisi ina zulia. Sasa kaa uwaze zulia hilo, halafu nenda ukatunge."

Mwalimu akaenda akakaa. Kila alipoliwaza zulia, aliona basi la bluu limeegeshwa juu yake.

*

Zoezi la kupokea wageni lilikuwa na desturi yake. Kwa kuwa hakuna mtu aliyejua msafara ungefika saa ngapi, watoto walipangwa barabarani tangu alfajiri, wakaimba kidogo, wakangoja sana. Wakichoka kusimama, walikaa juu ya mawe ya msingi. Mawe yalijaa uwanja mzima, mistari kwa mistari, laini, yamepigwa msasa, na juu yake herufi kubwa zilizochongwa na kupakwa rangi ya dhahabu. Majengo yenyewe hayakuwepo. Palikuwa na vyumba vya udongo vilivyoezekwa nusu, na nusu iliyobaki ikisubiri mheshimiwa wa mabati.

Siku ya pili ya zoezi walikuwa wakingoja hivyo. Mtoto mmoja aitwaye Mkasi, msichana mcheshi ambaye angeweza kumwigiza hata mbuzi akikohoa, alipanda juu ya jiwe, akatanguliza tumbo mbele, akasafisha koo.

"Ndugu wananchi! Itifaki imezingatiwa! Sasa ninatamka kwamba jiwe hili la msingi la maktaba limewekwa na mheshimiwa mimi mwenyewe!"

Watoto wakavunjika mbavu. Waliyajua maneno hayo kama wanavyojua salamu, kwa kuwa kila mheshimiwa aliyasoma kwa sauti kutoka kwenye jiwe lake kabla ya kulifunua.

Zamda hakucheka. Alikuwa amechutama, kidole kikipita katika mifereji ya herufi.

"Mwalimu," aliita. "Kwa nini jiwe hili na lile yanaanza sawasawa?"

"Mawe yote yanaanza sawasawa," alisema Mwalimu bila kutazama. "Yanaanza na jiwe hili la msingi."

"Basi hapa ndipo penye jiwe?"

Mwalimu Kilindo akageuka. Kidole cha Zamda kilikuwa juu ya neno JIWE.

"Mkasi," alisema polepole. "Hebu rudia hotuba yako. Lakini taratibu. Kama mheshimiwa aliyeshiba."

"Ji-we," alisema Mkasi kwa sauti nzito, akipapasa tumbo. "Hi-li. La. M-si-ngi."

Na kidole cha Zamda kikatembea chini ya sauti hiyo, herufi kwa herufi, hakikupotea njia.

Kuanzia hapo Shule ya Mwisho wa Lami ilikuwa na masomo, ingawa Bi Tausi, aliyewaona watoto kwa mbali wakitikisa vichwa na kutamka kwa pamoja, alidhani ni kwaya. Maneno watoto walikuwa nayo masikioni tayari. Sasa waliyaona yalikokuwa yamejificha miaka yote, chini ya makalio yao. Katika BOMBA LA MAJI walimkuta bo, wakamshangilia kama mjomba aliyedhaniwa kafa ugenini. Bu alikuwa pembeni, mwanzoni mwa BUSTANI YA WANAFUNZI. Walisoma Maabara. Walisoma Bwalo la Chakula. Walisoma Bwawa la Kuogelea, wakauliza maana yake, Mwalimu akaeleza, wakasema anawatania.

Siku moja Bi Hadiya alimtuma Zamda dukani. Alipokuja, mama alilifungua furushi, akatazama, akatazama tena. Ilikuwa hamira. Usiku ule vitumbua viliumuka, vikawa na mashavu.

"Umemfanya nini mtoto?" alimwuliza mumewe.

"Sijamfanya kitu. Anangoja wageni."

*

Tume ikafika. Pikipiki zilitangulia, kisha magari meusi, kisha mwisho kabisa basi la bluu, ambalo lilisimama likiacha injini inawaka na mlango wazi. Nyuma ya ua wa miba kina mama walikuwa wamesimama, Bi Hadiya mbele yao, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kwenye ugomvi.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Profesa Ngurumo Sangali, mtu mkubwa aliyepata kuwa waziri wa kila kitu bila kuachishwa hata mara moja. Alifuatana na wajumbe wataalamu. Mmoja alipima urefu wa shingo za watoto, kwa sababu mtoto mwenye shingo fupi huona karibu. Mwingine alitazama mtoto aingiapo darasani hutanguliza mguu gani. Wa tatu alinusa nywele, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Wimbo ukaimbwa. Profesa akatikisa kichwa kwa mpigo. Kisha akapanda jukwaani kusema machache.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wananchi, mtoto aliyebaki nyuma ni nani? Tume imelichunguza swali hili katika hoteli mbalimbali. Tumegundua kwamba mtoto aliyebaki nyuma ni yule ambaye wenzake wako mbele!"

Makofi.

"Je, tukiwaondoa walio nyuma, nani atakuwa nyuma? Hakuna! Hiyo ndiyo hekima ya basi la bluu."

Makofi yakawa hafifu kidogo, hasa upande wa kina mama.

Basi upimaji ukaanza. Vitabu vya kupimia vilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo wake ulikuwa umesahauliwa mji mkuu; walikumbuka wakiwa wametoka mjini, na kurudi, kama ujuavyo, hawakuweza.

"Hainishughulishi," alisema Profesa. "Mtoto asome chochote. Aje yule mwimbaji. Jina lako nani, mwanangu?"

"Zamda Sefu." Sauti ile iliyojaza uwanja dakika moja iliyopita sasa ilikuwa kama ya mbu.

"Haya, Zamda. Soma."

Zamda akatazama kushoto, akatazama kulia. Mwalimu Kilindo alikuwa amesimama kando ya kwaya. Hakuweza kumsaidia hata kwa jicho. Mtoto akapiga hatua mpaka kwenye jiwe lililokuwa karibu, akachutama, akaweka kidole.

"Ji-we hi-li la m-si-ngi," alianza, na kila silabi aliishika kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga magogo. "La vyo-o vya wa-si-cha-na. Li-me-we-kwa na Mhe-shi-mi-wa Pro-fe-sa Ngu-ru-mo Sa-nga-li. Vyoo vitakamilika kabla ya masika."

Uso wa Profesa ukachanua.

"Mmemsikia? Anasoma! Kasoma jina langu bila kukwama! Hebu rudia, mwanangu."

"Vyoo vitakamilika kabla ya masika."

"Hapana, hapana, kabla ya hapo. Pale penye jina."

Mkasi akanyanyua mkono. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Masika gani?"

Kisha nyuma ya ua mama mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga, na kicheko kikatokea puani.

"Maana sisi wasichana huenda kichakani," Mkasi akaendelea kueleza, kwa adabu, "na juzi kulikuwa na nyoka."

"Na hili linasema maktaba!" mtoto mwingine alipaza sauti, amesimama kwenye jiwe lake.

"Na hili bomba!"

"Kwaya!" Bi Tausi alipiga filimbi. "Imbeni! Imbeni haraka!"

Watoto walikuwa watiifu. Wakaimba, kwa sauti zote tatu alizowafundisha Mwalimu Kilindo, kila mmoja akiimba jiwe lililokuwa mbele yake.

*

Wajumbe wakajifungia katika hema walilokuja nalo. Walipotoka, Profesa alikuwa amevaa miwani myeusi.

"Tume imeamua," alisema. "Mtoto huyu hakusoma. Amekariri. Ni Mbaki wa hatari, kwa kuwa anafanana na anayejua. Apandishwe basi."

Walinzi wawili wakamshika Zamda mikono. Miguu yake ikaacha ardhi.

"Baba!" alilia. "Baba!"

Hapo Mwalimu Kilindo akagundua kwamba alikuwa ametembea. Hakukumbuka kuianza safari hiyo, lakini alikuwa mbele ya Profesa, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Samahani, Mheshimiwa. Nina swali dogo la kitaaluma."

Neno hilo halikataliki mbele ya profesa. "Uliza."

"Mtoto huyu ametaja jina lililo kwenye jiwe. Kama hakusoma sawasawa, basi jina lililopo pale silo alilolitaja. Sasa niandike nini kwenye taarifa ya shule? Kwamba jiwe lile si la Profesa Ngurumo Sangali?"

Profesa akairekebisha miwani yake.

"Maana kama si lako," Mwalimu aliendelea kwa unyenyekevu, "kuna Naibu Waziri wa Samaki anapita hapa keshokutwa. Hana jiwe hata moja upande huu wa uwanja. Tungempa."

Katika Mbelembele ungeweza kumtenganisha mheshimiwa na ahadi yake, na rafiki zake, hata na mke wake wa kwanza. Lakini na jiwe lake, huwezi. Profesa alilitazama jiwe. Dhahabu ya jina lake iling'aa juani. Alivua miwani.

"Amesoma," alisema kwa shida. "Mwacheni. Amesoma sawasawa."

Zamda akashushwa. Mbio zake ziliishia kifuani mwa baba yake, na mkunjo wa suruali ukavurugika.

Baada ya hapo kila mtoto aliyeitwa alichagua kwa akili. Mmoja alisoma jiwe la mpima shingo, ambaye kumbe aliwahi kuwa mkuu wa mkoa. Mwingine alisoma la mnusa nywele. Hakuna mjumbe aliyekubali kwamba jina lake limesomwa vibaya. Basi la bluu likafunga mlango wake, tupu.

Lakini Tume haiwezi kuondoka bila majibu, kama vile kuku haachi kiota bila yai. Profesa akapanda jukwaani tena.

"Tumepata sababu!" alitangaza. "Tumeona kwa macho yetu! Watoto hawa walikuwa wakienda mbele vizuri kabisa, wakiimba, wakipepea mikono. Ghafla wakasimama. Kwa nini walisimama? Kusoma! Ndugu wananchi, watoto wengine hubaki nyuma kwa sababu husimama kusoma. Ninaagiza mawe yote ya uwanja huu yageuzwe kifudifudi, ili yasiwacheleweshe tena."

Alisema hivyo akaingia garini haraka, akamwambia dereva atoke mbio. Dereva alikuwa mtu mzima, akamjibu kwa upole kwamba kurudi nyuma hakuwezekani na mbio pia hazitawezekana, maana mawe yameujaza uwanja. Basi msafara ukazunguka taratibu, tairi kwa tairi, jiwe kwa jiwe. Na kila gari lilipolifikia jiwe, watoto walilisoma kwa sauti ili abiria wasikose kitu. Vioo vilipandishwa. Watoto wakaongeza sauti.

*

Kesho yake Bi Tausi alimpitia Mwalimu Kilindo darasani. "Lile zulia," alisema, "limeondoka na vumbi la jana."

"Poa, Mwalimu Mkuu."

"Umesemaje?"

"Nimesema pole, Mwalimu Mkuu. Pole kwa vumbi."

Lori la Idara ya Mawe lilishinda uwanjani mpaka jioni. Wanaume wenye mitaimbo waliyang'oa mawe moja moja, wakayageuza, wakayalaza uso chini, wakapiga udongo kwa miguu. Walifanya kazi kwa haraka, kwa kuwa agizo lilisema yageuzwe, halikusema yatazamwe. Mwalimu Kilindo aliwatazama kutoka dirishani. Chaki ilikuwa mkononi mwake; ubaoni palikuwa na ba, be, bi. Alijaribu kukumbuka yote yaliyokuwa kwenye mawe yale ili ayaandike upya ubaoni, lakini alijua king'ora kingelia kabla hajafika mbali.

Asubuhi iliyofuata kililia mapema. Naibu Waziri wa Samaki, njiani. Watoto wakatoka wakajipanga, wakaimba kidogo, wakaanza kungoja sana. Walipochoka wakaenda kukaa kwenye mawe, wanyonge, kama watu wanaorudi kwenye nyumba iliyoungua.

Zamda hakukaa. Alikuwa amechutama, akifuta udongo kwa kiganja.

"Baba," aliita. Mwalimu hakumkosoa. "Baba, njoo."

Upande wa nyuma wa jiwe kulikuwa na mifereji. Herufi zilikuwa za kizamani, dhahabu yake imekwanguliwa, lakini chuma kilichozichonga kilizama vizuri. Mwalimu akapiga goti moja kwa moja kwenye vumbi, bila kuukumbuka mkunjo.

"Ji-we hi-li la m-si-ngi," alisoma Zamda, "la ki-si-ma cha ki-ji-ji cha Mta-ku-ja."

"Mtakuja ni kwa bibi yangu!" alisema Mkasi. "Hakuna kisima. Wanachota bwawani na ng'ombe."

Mtoto mwingine alikuwa tayari ameshafuta jiwe lake. "Hili ni zahanati!"

"Hili daraja! Mwalimu, daraja gani?"

Uwanja mzima ukawa viganja na vumbi. Kila jiwe lililogeuzwa lilikuwa limepata kuwa jiwe la mtu mwingine, mahali pengine, kwa ajili ya watu wengine walioimba na kupiga makofi. Kwa mbali, barabarani, pikipiki za Naibu Waziri zilianza kuonekana. Bi Tausi alikuwa akija mbio na filimbi mdomoni.

Mwalimu Sefu Kilindo akasimama. Akajipangusa magoti, akakohoa kidogo, kama mheshimiwa anayekaribia kusema machache.

"Haya, darasa la nne," alisema. "Sasa tunaingia ukurasa wa pili."